Picha ya Kwanza Ilichelewa

Nikiwa mwaka wa tatu chuoni niliua msitu mmoja kwa kompyuta. Nilikuwa na picha mbili za setilaiti za vilima vya Kwimba, nyumbani kwa babu yangu mzaa mama, saa chache kwa basi kutoka Mwanza mjini. Ya kwanza ilipigwa mwezi wa nne. Ya pili ilipigwa mwezi wa tisa, miaka kumi na moja baadaye. Nilitoa moja kwenye nyingine kama nilivyofundishwa, nikapaka rangi: kijani palipo na nafuu, nyekundu palipo na hasara. Skrini nzima ikawa nyekundu. Nikaandika kwamba miti ya eneo lile iko kwenye msongo mkubwa, na kwamba sababu yake ni wafugaji kuzidisha mifugo. Hiyo sentensi ya mwisho sikuipima kwa chochote. Niliikuta karibu katika kila ripoti niliyosoma, nami nikaiazima.

Likizo ilipofika nikamwonyesha babu. Aliikalia ile kompyuta muda mrefu, akitafuta njia ya kisimani na mlima wa mawe, na alipovipata akafurahi kama mtu aliyekutana na jamaa ugenini. Kisha akauliza, "Hii nyekundu ilipigwa mwezi gani?"

"Wa tisa, babu."

"Mwezi wa tisa, mjukuu wangu, hata mimi huwa hivyo."

Akanipeleka nyuma ya boma, kwenye ngitili yake. Ilikuwa kiangazi bado. Migunga ilisimama mitupu, hakuna jani. Akakwaruza gome la tawi moja kwa ukucha wa kidole gumba. Chini ya gome palikuwa kijani kibichi, chenye maji. "Umelala tu," akasema.

Kosa lile ni la kitoto na kila kitabu cha fani hii kinalionya: usilinganishe masika na kiangazi. Miti ya ukanda wetu, migunga na hata miombo ya upande wa Geita, hupukutisha majani ili isife kwa kiu, na setilaiti ikiitazama wakati huo huona maiti. Nililisahihisha kwa jioni moja. Lakini kuna kosa la pili ndani ya kazi ile, kubwa kuliko la kwanza, na hilo hakuna mhadhiri aliyelipigia mstari mwekundu. Lilinichukua miaka kadhaa kuliona. Linahusu lini hasa hadithi ya miti ya Usukuma inapoanza.

Nianze na jicho lenyewe. Jani zima lenye afya hula mwanga mwekundu kwa ajili ya usanisinuru, na hurudisha juu kwa wingi miale ya infraredi iliyo karibu, ambayo macho yetu hayaioni. Jani likipata kiu, likishambuliwa na wadudu au kuvu, ulaji wa mwekundu hupungua na urudishaji wa infraredi hubadilika, mara nyingine kabla mkulima hajaona umanjano wowote. Wanajeshi ndio waliolitumia jambo hili mapema: katika Vita Kuu ya Pili zilitengenezwa filamu za infraredi za kufichua vifaru vilivyofunikwa matawi, kwa sababu tawi lililokatwa na tawi lililo hai havifanani katika filamu hiyo. Mwaka 1956 Robert Colwell wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alionyesha kwamba filamu hizohizo zikipigwa kutoka kwenye ndege zinaweza kutambua magonjwa ya nafaka shambani. Kutoka hapo ilibaki kupanda juu zaidi.

Tarehe 23 Julai 1972 Marekani ilirusha setilaiti ambayo baadaye iliitwa Landsat 1. Mwaka uliofuata watafiti waliokuwa wakichunguza nyanda za majani za Marekani walichukua infraredi, wakatoa nyekundu, wakagawa kwa jumla ya zote mbili, wakapata namba moja tu, kati ya -1 na 1. Leo tunaiita NDVI. Ardhi tupu hukaa karibu na sifuri, msitu mnene hupanda kuelekea moja. Mwaka 1985 Compton Tucker wa NASA na wenzake walitumia namba hiyo kuchora uoto wa bara zima la Afrika kwa picha za setilaiti za hali ya hewa. Ni namba nzuri, rahisi, na nimekula mkate wangu kwayo. Sina ugomvi nayo.

(Tena tusijione wageni wa mambo haya. Setilaiti iliyoitwa Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya. Ila yenyewe ilitazama nyota, haikututazama sisi.)

Sasa fikiria. Kila grafu ya "mabadiliko ya misitu" ya kanda ya ziwa unayoiona kwenye ripoti huanza miaka ya 1970 au 1980, kwa sababu hapo ndipo picha zinapoanza. Mstari unashuka kutoka kushoto kwenda kulia. Jicho la msomaji humalizia lenyewe: zamani palikuwa na msitu, wakaja watu, msitu ukaisha. Lakini mwaka 1972 katika Usukuma haukuwa zamani. Kamera ilifika kukiwa na mambo makubwa matatu, mawili yamekwisha na la tatu likikaribia, na kila moja kati ya hayo matatu lilikuwa na watazamaji wake wa juu waliojua zaidi kuliko wenyeji.

La kwanza ni sotoka. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 ugonjwa huo uliua ng'ombe wa Afrika Mashariki kwa kiwango ambacho wazee wa leo bado wamerithi masimulizi yake. Ng'ombe wakaondoka, njaa na ndui vikafuata, Wajerumani wakaja na bunduki, kisha vita vya 1914 hadi 1918. Ardhi iliyokuwa ikilishwa, ikilimwa na kuchomwa kwa mpango ikakosa watu. Vichaka vikarudi, wanyama pori wakarudi navyo, na nyuma yao mbung'o. Helge Kjekshus aliyaeleza haya kwa urefu katika kitabu chake cha 1977 kuhusu ikolojia na historia ya Afrika Mashariki, na John Ford, aliyekuwa mtaalamu wa mbung'o, alikwisha kusema mwaka 1971 kwamba Waafrika walikuwa na namna yao ya kuishi na mdudu yule kabla ya wakoloni kuivuruga. Maana yake ni nzito: sehemu kubwa ya pori ambalo Waingereza walilikuta na kuliita la asili lilikuwa na umri wa miaka thelathini hivi. Lilikuwa magofu yaliyoota majani.

La pili ni ukataji. Charles Swynnerton aliletwa Tanganyika kuwa mkuu wa wanyama pori, akaishia kuwa mkurugenzi wa utafiti wa mbung'o, makao yake Shinyanga. Mwaka 1922 ugonjwa wa malale ulilipuka Maswa. Tangu miaka ya 1920, kwa ushirikiano na watemi, hasa Mtemi Makwaia wa Usiha, maelfu ya watu walitoka na mashoka na kuangusha vichaka ili mbung'o wakose kivuli. Kwa miongo mitatu mti ulikuwa adui wa serikali. Aliyeukata ndiye aliyekuwa raia mwema.

Ni lazima niseme kwamba ukataji huo ulifanya kazi. Watu walipona, ng'ombe wakaongezeka, na ardhi iliyofunguliwa ikajaa pamba. Kituo cha utafiti cha Ukiriguru, nje kidogo ya Mwanza, kilizalisha mbegu. Mwaka 1955 vyama vya wakulima vikaungana kuwa shirikisho la ushirika la Victoria, ambalo Paul Bomani alikuwa kiongozi wake, na pamba ya Usukuma ikawa nguzo ya uchumi wa nchi iliyokuwa ikijiandaa kwa uhuru. Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, ulioanza mwaka 1947 na kuwa na makao yake Malya, ulisukuma watu kuelekea Geita kufungua mapori mengine, huku nyuma yao ukiwaamuru wapunguze mifugo na kulinda udongo. Kwa hiyo amri mbili zilitoka ofisi moja: kata huku, hifadhi kule. Shule, baiskeli na mabati ya vizazi viwili vya kanda ya ziwa vililipiwa na miti ile. Babu yangu aliijenga nyumba yake ya kwanza ya bati kwa pamba, na hakuwahi kuniomba radhi kwa hilo, wala sioni kwa nini aniombe.

Swynnerton alikufa mwaka 1938 katika ajali ya ndege hapahapa Tanganyika, pamoja na mtaalamu wa mimea B. D. Burtt. Aina moja ya mbung'o bado ina jina lake, *Glossina swynnertoni*. Aliyepigana na mdudu maisha yake yote ameachiwa mdudu awe kaburi lake.

La tatu ndilo linaloniuma, maana lilifanywa na serikali yetu wenyewe, kwa nia nzuri. Mwishoni mwa 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, na mwaka 1974 Operesheni Vijiji ikapita Shinyanga na Mwanza. Watu waliondolewa kwenye maboma yaliyotawanyika, wakapangwa kwa mistari barabarani. Pamoja na maboma waliacha ngitili.

Kwa msomaji asiyetoka kwetu: ngitili ni kipande cha ardhi kinachofungwa wakati wa mvua, mifugo isiingie, ili majani na miti ipumue, kisha hufunguliwa kiangazi kikali ng'ombe wanapokosa malisho. Ni akiba ya benki, ila iko nyuma ya nyumba. Inahitaji mwenyewe aishi karibu nayo aione. Ukimhamisha mwenyewe kilomita nane, ngitili inakuwa ardhi ya wote, yaani ya aliyewahi. Ndani ya miaka michache miti ikawa kuni za vijiji vipya.

Na hapo, juu kabisa, Landsat inapita. Picha za awali za eneo letu ni za miaka hiyohiyo. Pikseli yake moja ilikuwa na upande wa takriban mita 80, na ngitili ya babu, ekari tano hivi, ilikuwa pikseli tatu. Setilaiti ilipiga picha ya nyumba siku ile wenyewe wanahamishwa, na sisi tukaiandika kwenye grafu kuwa "hali ya mwanzo".

Hata baada ya hapo albamu ina kurasa tupu. Landsat 5, iliyorushwa 1984, haikuwa na kinasa sauti wala mkanda wa kuhifadhia picha. Ilichokiona ilibidi ikishushe papo hapo kwenye kituo cha kupokelea au ikipitishe kwa setilaiti nyingine. Mwaka 1985 biashara ya picha hizo ikakabidhiwa kampuni binafsi, na bei ya picha moja ikapanda hadi kiasi cha dola 4,400. Eneo ambalo hakuna aliyelinunulia picha halikupigwa sana. Kituo cha kikanda cha ramani na setilaiti kilikuwepo Nairobi tangu 1975, na Tanzania ni mwanachama, lakini kituo hakiwezi kuhifadhi picha ambazo hazikupigwa. Tafuta leo picha za Shinyanga za mwisho wa miaka ya 1980: utahesabu kwa vidole, na nusu zina mawingu.

Ni bahati mbaya ya ajabu, kwa sababu katika kurasa hizo tupu ndipo lilipotokea jambo zuri kuliko yote. Mwaka 1984 Nyerere alitembelea Shinyanga, akaliona lile jangwa. Mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, kwa fedha za Norway, na baadaye watafiti wa kilimo mseto wa ICRAF wakajiunga. Mwanzoni wataalamu walikuja na vitalu vya miche, kama kawaida ya wataalamu. Miche mingi ikafa kwa ukame na mchwa. Kilichofanya kazi ni pale walipoacha watu warudie ngitili: kufunga ardhi, kungoja, kuacha visiki na mizizi iliyokuwa hai chini ya ardhi ichipue yenyewe. Ule ukucha wa babu kwenye gome ulikuwa tayari umejua hilo. Sheria za kulinda zilipitishwa kwenye dagashida, mkutano wa jadi wa kijiji, na sungusungu wakazisimamia. Ng'ombe akiingia ngitili ya mtu, mwenyewe anatozwa, hakuna rufaa ya mjini.

Mwaka 1986 ngitili zilizokuwa zimeandikishwa Shinyanga zilikuwa hekta 611. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 makadirio yalikuwa kati ya hekta 300,000 na 500,000, katika vijiji zaidi ya 800. Tazama upana wa makadirio hayo. Kati ya laki tatu na laki tano kuna nafasi ya kuficha wilaya nzima ya miti. Sababu mojawapo ni kwamba ngitili humtatiza sana mtu wa setilaiti: ni ndogo, ina nyasi chini na miti michache juu, inafungwa na kufunguliwa, na kwenye pikseli ya mita 30 huchanganyika na shamba la mtama la jirani. Kompyuta huiita "kichaka kilichoharibika". Ufufuaji mkubwa kabisa wa miti katika historia ya kanda yetu uko kwenye ramani nyingi kwa jina la uharibifu.

Kama unafikiri natia chumvi juu ya kijani na afya, rudi Mwanza ziwani. Gugumaji liliingia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 1998 lilifunika zaidi ya hekta 17,000 za ziwa, Ghuba ya Mwanza ikiwemo. Ukikokotoa NDVI ya picha za miaka ile, ghuba inang'aa. Uoto wa gugumaji ni mnene, umeshiba maji na mbolea inayotiririka kutoka mjini na mashambani, na hakuna msitu wa nchi kavu ulio jirani uwezao kushindana nao. Kwa namba, pale ndipo palikuwa na mimea yenye afya kuliko kote. Chini yake samaki walikosa hewa na mitumbwi ilishindwa kutoka. Hapa setilaiti ilisaidia kwelikweli, kwa kuwa watafiti waliweza kufuata mikeka ile ikisukumwa na upepo na kuhesabu ilivyopungua baada ya wadudu wa kuila kuachiliwa na baada ya mvua za El Niño. Lakini ilisaidia kwa sababu kila mtu alijua tayari kwamba kijani kile ni balaa.

Siku hizi tatizo ni picha nyingi mno. Mwaka 2008 hazina yote ya Landsat ilifunguliwa bure. Sentinel-2 za Ulaya, tangu 2015, zina pikseli ya mita 10 na mikanda maalumu ya mwanga inayosikia kiu ya jani mapema. Norway, ileile iliyolipia HASHI, ililipia picha za kila mwezi za ukanda wote wa joto ziwe bure kuanzia 2020. Kati ya 2009 na 2014 serikali ilifanya tathmini ya taifa ya misitu, NAFORMA, na napenda kuwakumbusha vijana wenzangu wa kompyuta kwamba ile hesabu ya hekta milioni 48.1 ilitegemea watu waliotembea kwa miguu na futikamba, wakipima unene wa miti kwenye maelfu ya viwanja vya sampuli.

Nikiziangalia picha hizo mpya naona mashamba ya misonobari ya Buhindi upande wa Buchosa, na ya Rubya kisiwani Ukerewe, yamenyooka, ya kijani mwaka mzima. Naona Rubondo, hifadhi ya taifa tangu 1977, kama sahani nyeusi ya kijani katikati ya maji. Sioni mninga uliokatwa mmoja mmoja porini Geita, kwa sababu miti ya jirani hufunga pengo kabla picha haijafika. Sioni gunia la mkaa linaloingia Mwanza usiku. Na sioni mwenye ardhi, ambaye ndiye ripoti itamfikia. Ripoti yangu ya mwaka wa tatu haikumfikia yeyote, ilipata alama nzuri tu na kufungiwa kabatini. Lakini nimeona nyingine kama yangu zikinukuliwa kwenye vikao vya kuamua nani apunguze ng'ombe na nani ahamishwe.

Babu alifariki mwaka juzi, mwezi wa pili, mvua zikiwa zimeshika. Mwaka jana nilivuta picha za ngitili yake, za Sentinel-2, mwezi wa nne kwa mwezi wa nne safari hii. Pikseli kama mia mbili. Karibu zote zimeimarika, isipokuwa nne au tano kwenye kona ya kusini zilizoshuka ghafla. Programu ilizizungushia mstari mwekundu na kuziita upotevu wa miti. Ilikuwa sahihi. Ni migunga mitatu mikubwa, mjomba aliikata kwa ruhusa ya sungusungu. Zilikuwa kuni za matanga, watu walilala pale siku saba.